Vinundu vya Ukoo

Nilipopigiwa simu kwamba Bi Kidawa amefariki nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Segerea, chai inachemka, na nilikasirika. Nilimkasirikia mjukuu wake aliyenipa habari kwa sauti ya polepole mno. Siku ya hitma niliikasirikia foleni ya kwenda Tandika, nikaikasirikia hata nyumba yenyewe nilipoikuta imekatwa upande wa mbele na kuwekwa fremu za maduka, moja inauza vifuniko vya simu, nyingine inanyoa. Ndivyo nilivyo. Huzuni yangu hupitia mlango wa ugomvi kwanza, na wanaonijua huniacha mpaka nitulie. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, nikawekwa sinia moja na mama wa Mtoni nisiyemjua, na upande wa pili wa chumba nikamwona Rukia, aliyekuwa akilelewa na marehemu. Amejaa kidogo usoni, amevaa miwani. Aliniona. Akageuza macho akamwambia binti mmoja aongeze kachumbari. Hatukuwahi kukaa chumba kimoja tangu mwaka ule nilipokuwa mpangaji wa nyumba hii.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara moja ya utafiti Mikocheni na kulala Tandika. Watu waliniuliza kwa nini nisipange karibu na kazi. Ukweli ni kwamba sikuweza kutulia mahali, na kuvuka mji asubuhi na jioni kulinichosha vya kutosha nikapata usingizi. Nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, nyuma uani kwenye jiko la mkaa na choo. Haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya bati, kwa hiyo kikohozi cha huyu na siri ya yule vilipita juu ya ukuta vikakukuta kitandani. Niliwajua watu wa nyumba ile kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Bi Kidawa alikuwa mjane. Mumewe alifariki akiwa mtu wa makamo tu, alianguka akifunga kamba za viatu aende kazini. Rukia alikuwa binti wa dada wa huyo mume, naye mama yake alikufa mapema vilevile, ndipo Bi Kidawa akamchukua. Rukia alikuwa na cherehani yake ukumbini, na asubuhi niliamshwa na mlio wake kabla ya adhana ya pili ya jogoo wa jirani. Halafu kulikuwa na Sefu, mtoto mkubwa wa Bi Kidawa, fundi magari, aliyeishi Ukonga karibu na gereji na kuja nyumbani siku za Jumapili na furushi la nyama. Sefu na Rukia walikuwa binamu, na walikuwa wachumba. Harusi ilipangwa baada ya Maulidi.

Siku niliyotaja jina langu, Kalunde, Bi Kidawa alipiga makofi. "Mnyamwezi! Mtani wangu huyu! Mababu zenu walikuja pwani wamebeba pembe za watu, wakasahau njia ya kurudi." Nikamjibu kwamba afadhali sisi tulibeba, nyie Wazaramo mlikaa kivulini mnakuna nazi mpaka leo. Akacheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo nilikuwa mtu wa nyumbani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana: ataingia jikoni afunue sufuria, atamtukana marehemu mbele ya jeneza, atazuia harusi mlangoni mpaka apewe chochote, na hakuna wa kununa. Nilikula kwao kila jioni. Bi Kidawa alipika kana kwamba nyumba ina wageni kumi: ubwabwa wa nazi, kisamvu kilichoungwa kwa tui zito, kuku wa kukaanga, chapati anazozipaka samli mara mbili, ya pili tayari iko sahanini. Yeye mwenyewe alikula minofu na mafuta yake, akalamba vidole, akateremshia chai ya maziwa. Rukia alichokoa tu. Kipande cha nyama chenye mafuta alikitoa kwa ncha ya kidole akaniwekea upande wangu wa sinia, na mimi nikakila, maana nilikuwa na njaa mwaka mzima.

Ilikuwa kupitia juu ya ukuta kwamba nilisikia habari za vinundu. Walikuja wanawake wawili wa ukoo kumtazama mwari, na nikiwa chumbani nikamsikia mmoja anasema, "Hebu mkono. Eee, unaviona? Huyu ndo mwenyewe, hata usiulize baba yake nani." Mwingine akasema, "Na Sefu vyake viko kwenye viwiko, kama marehemu baba yake. Damu imeitana." Asubuhi yake nikaangalia vidole vya Rukia akishona. Juu ya viungo vya vidole, chini ya ngozi, kulikuwa na vijivimbe vigumu kama kunde. Nilipomuuliza alinionyesha bila haya hata kidogo, akavua ndala akanionyesha na nyuma ya kisigino, ule ukano mnene umevimba na kuwa na mafundo. "Alama yetu," akasema. "Mama alikuwa navyo. Mjomba alikuwa navyo. Mtu wa nje akitaka kuoa kwetu, wazee wanaangalia kwanza kama ndani hamna mwenye vinundu wa kumuoa huyu." Viliwauma? Havikuuma. Nikasema vizuri, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Watu wa ukoo ule walikufa mapema na hilo pia lilikuwa na maelezo yake. Chema hakidumu, walisema, na wengine walitaja husuda za majirani.

Kazi yetu ilikuwa kulisha. Tuliwalisha watu, halafu tukazilisha seli. Waliojitolea walikuja asubuhi na njaa, wakapewa kifungua kinywa, chapati na mayai ya kukaanga na chai ya maziwa, na baada ya saa chache tukawatoa damu. Ukiiacha damu ya mtu aliyetoka kula hivyo isimame kwenye tyubu, majimaji ya juu hugeuka meupe kama tui. Hapo ndipo mafuta ya chakula yanapoonekana kwa macho: mwili umeyafunga kwenye vifurushi vidogo mno na kuyasafirisha. Shida ni kwamba baadhi ya vifurushi hupenya kwenye ukuta wa mshipa wa damu, vinakwama humo, na vikikaa vinachacha. Zinakuja seli za ulinzi, zilezile zinazomeza vijidudu na uchafu, kusafisha. Zinameza. Seli nyingine mwilini zikishiba lehemu, yaani ile kolesteroli ya kwenye mafuta hayo, hupunguza milango yake, lakini mlango ambao hizi huyapitishia mafuta yaliyochacha haujifungi. Zinaendelea kula mpaka matumbo yanajaa matone, zinavimba, na chini ya hadubini zinaonekana kama povu. Tuliziwekea rangi nyekundu inayoshika mafuta, na kisahani kizima kikawa na madoadoa mekundu. Zikifika hapo hazitembei tena. Zinafia ukutani, nyingine zinakuja kula mabaki, na kidonda kinakua kwa ndani bila mwenye mshipa kuhisi lolote, mpaka siku kinapopasuka, damu inaganda juu yake, na mtu anaanguka akifunga kamba za viatu. Nilizionea uchungu seli zile. Zilikuwa zinafanya kazi zilizotumwa, na kazi ndiyo iliyoziua, na mimi ndiye niliyekuwa nazimwagia chakula.

Bosi wangu alikuwa Dokta Ngonyani, mwanamke mfupi wa Songea asiyejua kunong'ona. Tulipopungukiwa na watu wa kujitolea nilimshawishi Rukia, naye alikuja kwa sababu alitaka kuona Mikocheni na kuvaa gauni alilolishona mwenyewe. Akala nusu chapati, akaacha mayai. Majimaji ya damu yake yalikuwa meupe? Hata kidogo. Yalikuwa ya njano, safi, unaona mwanga upande wa pili. Nikafurahi kwa ajili yake. Kisha tukafanya kama kawaida yetu, tukayatenga mafuta yaliyokuwamo, tukayaacha yachache, tukazipa seli, na baada ya siku chache nilipoinama kwenye hadubini nikadhani nimechanganya visahani. Hakukuwa na nafasi kati ya nyekundu na nyekundu. Wale walaji wakubwa wa samli, wenye damu kama tui, seli zao zilikuwa na madoa ya hapa na pale. Za Rukia zilikuwa zimepasuka kwa kushiba. Dokta akapima lehemu, akapima tena, akaita damu nyingine ya asubuhi kabla hajala kitu. Halafu akaniita kutoka upande wa pili wa maabara, watu wote wanasikia: "Kalunde! Huyu rafiki yako ana vinundu? Kwenye kano?"

Niliacha hadubini nikamfuata. Nilimwambia anavyo, na kwamba ukoo mzima unavyo na wanajivunia. Dokta, kwa mara ya kwanza, akashusha sauti. Vile vinundu, akasema, ukivikata utakuta seli zako zilezile, povu tupu, zimejazana chini ya ngozi kwa sababu damu ina lehemu nyingi kuliko mwili unavyoweza kuizoa. Ini lao limezaliwa halijui kazi hiyo. Hata usile samli maisha yako yote. Kilichoko kwenye kisigino kiko na kwenye mishipa ya moyo, ila kule huwezi kukishika. Mwenye kurithi kwa mzazi mmoja anaweza kusaidiwa na vidonge akaishi. Akirithi kwa wazazi wote wawili, moyo wa mtoto wa shule ya msingi unakuwa wa mzee. Nikamwuliza mara ngapi hutokea, na yeye akaniuliza, "Huyu binti anaolewa na nani?"

Rukia aliambiwa kwanza, peke yake, kama ilivyo haki yake, kwenye chumba kidogo chenye feni iliyokuwa inagonga. Alisikiliza akikunjakunja ukingo wa gauni lake jipya. Mama yake alipotajwa aliuliza kama aliumia. Tulipofika Tandika, kwenye kona ya nyumba, akanivuta kanga. "Mie nina hiki kitu, sawa. Nitakunywa vidonge. Sefu je? Pengine vyake ni vinundu tu." Nikamwambia ni kumpima. "Nani atamwambia? Mie nimwambie mwanaume atoe damu ndo anioe? Atanifikiriaje, Kalunde?" Mtu wa miaka ile anajua alichomaanisha. Mwanamume ukimtajia kupima damu kabla ya ndoa alisikia ugonjwa mmoja tu, na ilikuwa sawa na kumwita malaya mbele ya mama yake. Nikasema nitazungumza na Bi Kidawa. "Bi Kidawa atasema nimepata mtu Mikocheni. Hapana." Akashika tena ukingo wa gauni lake. "Mie siwezi. Ila wewe ni mtani."

Wiki zile sikulala vizuri. Nilimsikia juu ya ukuta akisingwa. Somo wake, mwanamke mwenye sauti ya kikohozi, alimsugua kwa liwa na maua, akamwimbia, na kila alipofika kwenye visigino alisema "mashaallah" nami nikageukia ukutani. Sefu alikuja Jumapili na nyama yake. Watoto wa mtaa wote walimjua, alikuwa anawaacha wakae kwenye usukani wa pikapu wapige honi mpaka Bi Kidawa atoke na mwiko. Nilimtazama viwiko. Nilimtazama Rukia akimtazama. Alimpenda, hilo halikuwa jambo la wazee peke yao. Akija alibadilisha kanga na kujifanya hajabadilisha. Nilitamani majibu yawe mazuri kwa nguvu ambayo sijawahi kutamani kitu kingine, na nilijua pia, kwa kuwa nimeona visahani, kwamba hayatakuwa.

Siku ya kuleta mahari Bi Kidawa alitoka alfajiri kwenda Ukonga, kwa sababu yeye ni mama wa bwana harusi na pia mlezi wa bibi harusi, na mahari haiwezi kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Lazima iwe na njia ya kupita. Wakarudi naye mchana, mshenga mbele, wanawake nyuma wanapiga vigelegele. Bwana harusi kwa kawaida habebi mahari yake, lakini pikapu lile halikumtii mtu mwingine, ikabidi aendeshe Sefu. Nikatandika mkeka wangu mlangoni, katikati kabisa, nikakaa.

"Mtani kafunga njia!" wakapiga kelele, wakafurahi, maana shughuli bila mtani inakosa chumvi. Mshenga akanitupia sarafu. Nikazirudisha. Akaleta kitambaa, nikakirudisha. "Wataka nini basi we Mnyamwezi, mzigo wa kubeba?"

"Nataka damu ya bwana harusi."

Vigelegele vikakatika. "Nini?"

"Kila siku nasikia juu ya ukuta, damu yetu moja, damu yetu moja. Mie mgeni. Nataka niione hiyo damu." Nikatoa kwenye mkoba sindano yangu na tyubu, vyote vipya, nikaviweka mkekani. "Tyubu moja tu. La sivyo leo mtalala hapo na mahari yenu."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wote. Bi Kidawa akashika kiuno. "Mtani, huo si utani tena, hilo jini." Lakini naye alikuwa anacheka, kwa sababu ni haki yangu na hakuna namna ya kuikataa bila kuonekana bahili. Sefu akashuka kwenye gari akifuta mikono kwenye suruali. "Si damu tu, sista? Nyie hamjanionaga nikikatwa na bati." Akachuchumaa mbele yangu, akakunja mkono wa shati, na kiwiko chake kilikuwa na mafundo kama mizizi ya tangawizi. Nikamwambia kwa sauti ya yeye tu kwamba hii naipima kweli, ni ya mafuta, si ile ishu nyingine, na kama hataki nitaondoa mkeka sasa hivi. Akatazama nyuma yangu, kwenye pazia la chumba cha Rukia. "Kakuomba yeye?" Nikachana pakiti ya sindano. "Pima," akasema. Nikamfunga mkono, wanawake wakaimba, damu ikaja nyeusi nyekundu kama ya mtu yeyote.

Majibu aliyaleta Dokta Ngonyani mwenyewe, akala kwanza, akasifu kisamvu, ndipo akawaambia Sefu na Rukia na Bi Kidawa, mlango umefungwa na redio imewashwa ili jirani wasisikie. Damu zao zilikuwa moja kweli. Alieleza kuhusu watoto, na hakupamba. Alipoondoka Sefu alitoka akaenda kukaa kwenye pikapu bila kuliwasha. Bi Kidawa alinikuta uani. "Mtani, siku ile ulikuwa unatania?" Nikasema hapana, Bi. Akaokota majani ya kisamvu yaliyodondoka. "Mume wangu nilikuwa namkanda mikono kila jioni. Nikifika kwenye vile vinundu navibusu. Nilikuwa najiambia, haya, hii ndo nyumba niliyoolewa." Akanitazama. "Nilikuwa nabusu nini?" Nikamwambia alikuwa anambusu mumewe. "Usinifariji, Mnyamwezi," akasema, akaenda kuangalia maharage.

Walizungumza wao wawili asubuhi moja Bi Kidawa akiwa sokoni. Walidhani nimekwenda kazini. Nilikuwa kitandani na homa. Cherehani ilikuwa inalia, ikanyamaza.

"Tusizae basi," Sefu alisema. "Watu wangapi hawana watoto na wanaishi?"

"Wewe unapenda watoto."

"Nitaacha."

"Utaacha vipi, Sefu? Mtaa mzima unakufuata ukifika."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Tukipata tutapata mzima. Dokta hakusema wote."

"Na tukimpata asiye mzima? Utamwangalia akicheza mpira huku unamhesabia pumzi? Mie siwezi. Nikizaa na mtu mwingine, yule mtoto ana nafasi. Na wewe vilevile."

"Kwa hiyo unaniacha kwa ajili ya mtoto ambaye hata hayupo."

"Ndio."

Cherehani ikaanza tena. Ilikwenda kasi sana kwa muda mrefu, nikajua hashoni kitu. Nilivuta shuka kichwani nikalia kimyakimya, kwa sababu katika nyumba ile hata kilio changu kingevuka ukuta.

Mahari ilirudishwa. Ukoo ulisema mengi, mengine kunihusu mimi, na Bi Kidawa akasimama ukumbini akawaambia mwenye neno na mpangaji wake aanze na yeye. Rukia hakunitukana. Aliacha tu kunisemesha. Nyama yenye mafuta aliiacha kwenye sinia, haikuja tena upande wangu. Mwisho wa mwaka nilihama. Aliolewa baadaye na mwalimu wa Kinondoni asiye na undugu naye, akazaa, na watoto wake waliletwa kupimwa wangali wadogo, ila aliwaleta siku ambazo sipo. Waliorithi walianzishiwa vidonge na kukua navyo. Sefu alikataa vidonge. "Dawa za wazee hizo," alimwambia mama yake. Hakuoa. Alifariki Ukonga, amekaa juu ya tairi kupumzika, funguo bado mkononi, akiwa hajafika hata umri wa baba yake. Nilikwenda kumzika nikasimama mbali. Mara nyingi nimejiuliza kama bila mkeka wangu angekuwa na Rukia wa kumlazimisha kumeza dawa, na usiku na mchana nimebishana na nafsi yangu juu ya hilo. Ningetandika ule mkeka tena. Hilo halinipi usingizi.

Watu walipoanza kutoka kwenye hitma nilikwenda uani kunawa. Jiko la mkaa halipo, kuna tangi la maji. Nilisikia ndala nyuma yangu, na Rukia akaja akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, taratibu, mkono mmoja ukutani.

"Nilikuchukia," akasema.

"Najua."

"Hujui. Sefu alipokufa ndo nilikuchukia hasa. Halafu nikawa nawaona wanangu wanaingia mlangoni kutoka shule, wazima, nikashindwa." Akarekebisha miwani. "Nikuulize kitu, wewe mtu wa maabara."

"Uliza."

Akapandisha kanga mpaka magotini. "Haya asubuhi hayataki kunyooka. Nikiamka mpaka nishike kitanda. Yanalia kabisa, unayasikia. Nimeongeza ile dawa, nimepunguza, wapi. Nimeogopa kumwambia daktari."

"Hukumuuliza Bi Kidawa?"

"Nilimuuliza. Akaniambia yeye kaolewa tu kwetu, hajui sie tunazeekaje." Akacheka, na kicheko hakikufika mwisho. "Mama alikufa hata unywele mmoja mweupe hana. Mama wadogo hivyohivyo. Kwetu hakuna mwanamke aliyefika huku, Kalunde. Nitamuuliza nani?"

Nikavuta kiti, nikapandisha gauni langu, nikamwonyesha magoti yangu, yamevimba pembeni, nikayakunja na kuyakunjua ayasikie.

"Ni uzee, Rukia."

"Uzee tu?"

"Uzee tu."

Akayatazama yangu, akayatazama yake. Akashika goti kwa mikono yote miwili.

"Kumbe ndo huu," akasema.